Fatani wa jukwaani si lazima akunje uso

Wengi wetu, Unguja na Pemba, tumezoea kwamba fatani wa mchezo wa kuigiza ajulikane tangu anapoingia: uso umekunjwa, kicheko kizito, maneno ya kunong'ona. Michezo ya kale mara nyingi imeandikwa kinyume chake. Katika Othello, mchezo wa Shakespeare, fatani Iago huitwa "mwaminifu" na wale wale anaowachimbia shimo. Akitisha waziwazi, wao ndio wataonekana wapumbavu, na fitina haitoaminika.

Ubaya wake watazamaji huupata pale anapobaki peke yake akasema nao. Hapo asinong'one, kwenye jukwaa la wazi kama la Ngome Kongwe, mnong'ono haufiki safu za nyuma. Awaelekezee watu kifua, ateremshe sauti kidogo tu, kila silabi isikike. Panapoharibika zaidi ni kwenye leso (ya mkononi, si kanga) ya mke wa Othello, ambayo Iago huitumia kumtia mume wivu. Ikianguka nyuma ya mwigizaji mwengine, asiyeiona hafuati tena hila yote. Ianguke mbele, pawe kimya kidogo, ndipo iokotwe.

Kuhakiki? Chukua matini na kalamu ya rangi, upigie mstari kila wenzake fatani wanapomtaja, uone wanavyomwamini. Halafu mweke mtu safu ya mwisho, arejee alichosikia.