Herufi moja ikidondoka, majina hayatengani hivyo

Wengi tunaotunza daftari za vikoba hapa Ngamiani, Tanga, tukitaka kujua kama mtu mmoja ameandikwa mara mbili, tumezoea kulinganisha majina mawili kwa kuyapanga juu na chini, kisha kuhesabu herufi zisizolingana. Ni njia inayoeleweka, na majina yakiwa na urefu sawa mara nyingi inatosha.

Sasa tazama Mwanahamisi na Mwanaamisi. Ukiyapanga, kuanzia herufi ya 6 hakuna inayolingana na iliyo chini yake: tofauti 6 katika herufi 11, kana kwamba ni watu wawili. Kumbe ni "h" moja tu imedondoka, na zilizofuata zote zikasogea.

Kipimo kinachotumika sana kwenye kompyuta, kilichoelezwa mwaka 1965 katika Muungano wa Kisovieti, huuliza jambo jingine: ni hatua ngapi, kwa uchache kabisa, zitageuza neno moja kuwa jingine? Hatua ni kuongeza herufi, kuiondoa au kuibadilisha. Kwa Mwanahamisi jibu ni 1. Aliyeandika "Tagna" badala ya Tanga anapata 2, maana herufi mbili kupishana hakuhesabiwi hatua moja.

Jaribu kwa penseli. Ukipata hatua 3, tafuta kwanza kama kuna njia ya 2.

Ila namba ndogo haithibitishi kuwa mtu ni yuleyule. Salma na Salima wametengwa na herufi moja, na kila mmoja ana akiba yake. Kabla ya kufuta jina, mimi hulinganisha namba za simu, kisha namuuliza mwenyewe.