Vibadilisha joto vidogo kwa friza za propani: nini hasa kinachopunguzwa?

Nyuma ya friza ya samaki pale Malindi, Unguja, kuna koili yenye mapezi na feni. Hiyo ni kondensa: gesi moto inayotoka kwenye kompresa hutoa joto lake kwa hewa, ikageuka kimiminika. Koili ya ndani, evapoleta, hufanya kinyume. Huvuta joto la samaki. Zote mbili ni vibadilisha joto. Wahandisi hukiita “kidogo” kile kilichobana eneo kubwa la kupitishia joto, kama mita za mraba 700 au zaidi kwa kila mita moja ya ujazo.

Kwenye friza za propani, yaani R290, udogo huo si wa kuokoa nafasi tu. Propani haigusi tabaka la ozoni na mchango wake katika kuongeza joto la dunia ni mdogo sana ukilinganisha na gesi nyingine za friza kama R404A. Ila ni mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mitungi ya jikoni, na inashika moto. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kwa friza za biashara kiliishia gramu 150 za gesi kwa mzunguko mmoja wa mabomba, hadi mwaka 2019 kilipopandishwa kufika 500. Kwa hiyo kinachopunguzwa hasa ni nafasi ya gesi ndani ya koili. Badala ya paipu ya kopa, hutumika mirija bapa ya alumini yenye vitundu vya karibu milimita 1, kama kondensa ya AC ya gari iliyo mbele ya rejeta.

Tatizo, ukivibana mno vitundu, presha hupotea njiani na kompresa hula umeme. Dawa yake ni njia nyingi fupi zinazokwenda sambamba. Lakini kwenye evapoleta kimiminika na mvuke wa gesi havigawanyiki sawa, mirija mingine hubaki mikavu.

Kaboni dayoksaidi, gesi nyingine ya friza, ina kesi yake: ikizidi nyuzi 31 haigeuki kimiminika hata uibane vipi, na mchana wa kaskazi hewa yetu hufika hapo. Presha hupanda hadi bar 90 na zaidi, na mirija myembamba ndiyo inayoihimili.

Kisha kuna chumvi ya bahari. Alumini hutoboka vishimo, na kishimo kimoja kinatosha kuimaliza gesi yote. Kwa pwani, mimi ningeachanisha mapezi kidogo na kuyapaka rangi ya epoksi, hata ufanisi ukipungua. Na friza isisukumwe hadi ukutani, fundi akakosa pa kupitishia mpira wa maji matamu ya kuoshea chumvi.