Chandarua cha bure, je, huishia kabatini?

“Cha bure hakithaminiwi.” Kauli hii imeongoza sera za afya kwa miaka mingi kana kwamba imethibitishwa. Mashirika yaliyosambaza vyandarua vyenye dawa yaliona ni busara kumtoza mama mjamzito hela kidogo: akilipa atakitumia, akipewa bure atakifungia kabatini au atakivulia samaki. Tanzania nayo ilianza Hati Punguzo mwaka 2004. Mama alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani na kuongeza pesa yake.

Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima dhana hiyo magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kliniki 20 za wajawazito zilihusika. Nyingine ziligawa bure, nyingine ziliuza kwa bei tofauti, ya juu ikiwa shilingi 40. Kwa bei hiyo, waliochukua walipungua kwa pointi za asilimia zipatazo 60. Wapimaji walipopita majumbani bila taarifa, waliopewa bure walikuwa wamevitundika kwa kiwango kilekile cha walionunua.

Kumbe bei haikuwachuja wazembe. Iliwachuja wasio na shilingi 40 siku ile ya kliniki.

Wapo wanaovulia vyandarua, sikatai. Ila chandarua cha kununua nacho huvua samaki vizuri tu.

Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 2007 vitolewe bure au kwa ruzuku kubwa, na Tanzania ikafanya kampeni za kugawa bure kuanzia 2009.