Je, wajua giaboksi ya otomatiki isiyo na kompyuta hujuaje wakati wa kubadili gia?

Fundi anapotoa giaboksi ya 4L60-E kwenye pikapu ya Chevrolet ya miaka ya 1990 na kufunga mahali pake Turbo-Hydramatic 400 (TH400), ambayo General Motors ilianza kuitoa mwaka 1964, swali huwa moja: kompyuta haiiongozi tena, sasa nani atabadili gia? Mimi mwenyewe niliamini kwa miaka kwamba otomatiki bila kompyuta haiwezekani, na kwamba zile za zamani zilikuwa na saketi fulani ya umeme iliyokata shauri. Nilikosea.

Kosa hilo linaeleweka. Katika 4L60-E, kompyuta hupima mwendo wa gari na jinsi ekseleta ilivyokanyagwa, kisha huziamuru solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme, kufungua au kufunga njia za mafuta ya giaboksi. Umeme wake ukikatika, gari hung'ang'ania gia ya tatu hata linapoanza kuondoka, na anayeliona likijikokota hivyo huhitimisha kwamba bila kompyuta hakuna otomatiki. Lakini Hydra-Matic, giaboksi ya magari ya Oldsmobile, ilikuwa ikijibadilishia gia tangu magari ya modeli ya 1940, wakati hakuna gari lolote lililokuwa na kompyuta. Kompyuta haikuleta uamuzi huo. Iliurithi kutoka kwa mafuta yenyewe, yanayosukumwa na pampu ndani ya giaboksi.

Tazama kombeo la kuwingia ndege shambani: ukilizungusha polepole, jiwe huvuta kidogo, na ukiongeza kasi, huvuta hadi mkono uchoke. Ndani ya TH400 mna kifaa kiitwacho gavana, chenye vizito vinavyozungushwa na shafti inayopeleka nguvu kwenye propela. Gari likiongeza mwendo, vizito hutanuka, navyo huruhusu presha ya mafuta ipande. Presha hiyo basi ni habari ya mwendo, iliyoandikwa kwa mafuta.

Habari ya pili ni mguu wa dereva. Mpira mwembamba hutoka kwenye manifoldi ya injini, yaani bomba linaloingiza hewa, hadi kwenye kikopo chenye kiwambo na springi, yaani modulata. Ukikanyaga kidogo, injini ya petroli hufyonza kwa nguvu na kukivuta kiwambo. Ukikanyaga sana, mfyonzo hupungua, springi inasukuma, na presha ya modulata inapanda.

Sasa fikiria mlango unaosukumwa na watu wawili, kila mmoja upande wake. Mmoja ni mwendo, mwingine ni mguu wako, na mlango ni valvu ndogo inayoteleza. Mwendo ukishinda, valvu husogea, mafuta huingia kwenye klachi ya gia inayofuata, na gia hupanda. Ukiwa umekanyaga sana, mwendo hulazimika kusukuma zaidi, ndiyo maana gia huchelewa kupanda gari likiwa na mzigo mlimani. Kwa sababu hiyohiyo, mpira wa mfyonzo ukipasuka, giaboksi hudhani umekanyaga hadi chini, nayo hubadili gia kwa kuchelewa na kwa kishindo. Waya unaohitajika ni mmoja tu, wa kushusha gia ekseleta inapofika mwisho.

Maelezo haya ya mfyonzo ni ya injini ya petroli. Dizeli haina mfyonzo wa namna hiyo, hivyo huhitaji pampu na valvu maalumu ya kuuigiza. Wala kubadilisha si kufungua bolti tu. Kompyuta ya injini, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiiongoza 4L60-E, itawasha taa ya hitilafu isipopangwa upya, na kipimamwendo kitahitaji njia nyingine ya kupata habari zake. TH400 ina gia tatu, ya mwisho ikiwa 1.00 (injini huzunguka mara moja kwa kila mzunguko wa shafti ya propela), ilhali gia ya nne ya 4L60-E ni 0.70. Kama difu na matairi havikubadilishwa, injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika kwenye barabara kuu sasa itazunguka takriban mara 2,860 kwa mwendo uleule.