Je, wajua kwa nini msaidizi wa akili mnemba hajui mlichokubaliana jana kwenye gumzo la kazini?

Katika timu nyingi zinazofanya kazi kwa programu za gumzo kama vile Slack na Microsoft Teams, msaidizi wa akili mnemba amekuwa kama mwenzao: hutajwa kwa jina, huulizwa swali, na baada ya muda mfupi hujibu mbele ya wote. Kwa kuwa yumo ndani ya chaneli, yaani ukumbi wa gumzo wa timu, wengi hudhani kwamba amekuwa akifuatilia kila neno tangu asubuhi. Ndiyo maana hushangaa anapoulizwa ripoti inakabidhiwa lini akajibu "Jumatatu", ilhali siku hiyo ilikwisha kusogezwa hadi Alhamisi.

Ukweli ni kwamba modeli ya lugha, yaani mfumo wa kompyuta unaosoma na kutunga maandishi, inayomwezesha msaidizi huyo haikai ikisikiliza. Mtu anapomtaja, programu hukusanya maandishi fulani, aghalabu ujumbe wa mazungumzo yale yale pamoja na vipande vilivyopatikana kwa kutafuta kwingineko, huyaunganisha na swali, kisha huikabidhi modeli furushi lote kwa mkupuo mmoja. Modeli hulisoma, hutunga jibu, na kazi yake huishia hapo. Akiulizwa tena baada ya dakika tano, hufungwa furushi jingine. Wapo wasaidizi waliowekewa kumbukumbu ya kudumu, lakini hata hiyo ni maandishi yaliyohifadhiwa mahali, yanayotiwa ndani ya furushi yanapohitajika.

Furushi hilo lina kipimo chake, kinachohesabiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na kwa kawaida maongezi ya miezi mingi hayawezi kuenea humo. Programu hulazimika kuchagua, nami naamini kwamba makosa mengi tunayoyalaumu kwa modeli huzaliwa katika uchaguzi huo, kabla modeli haijasoma hata neno moja.

Turudi kwenye ile ripoti. Tuseme kiongozi wa timu aliandika chanelini, "Ripoti Jumatatu", na siku mbili baadaye mwenzake akamwomba faraghani wasogeze hadi Alhamisi, naye akakubali. Msaidizi aliyewekewa mipaka vizuri huona yale tu ambayo anayeuliza ana ruhusa ya kuyaona, kwa hiyo maongezi ya wale wawili hayamo. Hata kama makubaliano yangefanyika hadharani, huenda yangekuwa hivi: "Tusogeze hadi Alhamisi?", na chini yake alama ya kidole gumba, bila neno lolote. Aliyekuwapo anaelewa kwamba jambo limepita, lakini ikiwa alama ile haikutiwa kwenye furushi, modeli inakuta swali lisilojibiwa, kisha inashika tarehe iliyotamkwa waziwazi.

Kwa sababu hiyo inafaa sana uamuzi uandikwe kwa sentensi kamili pale pale ulipojadiliwa: "Tumekubaliana ripoti ikabidhiwe Alhamisi, si Jumatatu." Vilevile, kwa kuwa jibu sahihi na lenye kosa mara nyingi hutolewa kwa uhakika ule ule, msaidizi aombwe kuonyesha ujumbe alioutegemea, nawe uufungue uusome. Ukikuta ni ule wa kiongozi wa siku kadhaa zilizopita, muulize kiongozi mwenyewe kama tarehe ile bado ipo.