Chaja ya wati 65 na Raspberry Pi 5: dhana potofu na ukweli

Unachomeka diski ya nje kwenye Raspberry Pi 5, ile kompyuta ndogo ya bodi moja; taa inawaka, diski inaunguruma kidogo, kisha inapotea. Wengi hukimbilia kununua diski nyingine. Pole yao, maana hiyo nayo itapotea: mara nyingi tatizo ni umeme.

"Chaja ya laptopu ya wati 65 inatosha na kubaki."
Hapa hunaswa hata mafundi wazoefu. Raspberry Pi 5 inataka volti 5 tu. Chaja ya USB-C ya wati 65 kwa kawaida hufikia wati hizo kwenye volti 20. Ikishushwa hadi volti 5 hutoa ampea 3, yaani wati 15. Bodi ikishaona ampea ni 3, inabana poti zake zote nne za USB zigawane miliampea 600. Ikipata ampea 5 kwenye volti hizo hizo, kama inavyotoa chaja yake rasmi ya wati 27, inaachia hadi 1,600. Kwa hiyo usisome wati peke yake: tafuta mstari wa 5V kwenye stika ya chaja.

"Andika usb_max_current_enable=1, kazi imekwisha."
Mstari huo kwenye config.txt, faili la mipangilio ya bodi, unaondoa kizuizi cha miliampea 600, hauongezi umeme. Unafaa pale chanzo chako cha umeme kina ampea 5 kweli ila hakiwezi kuiambia bodi. La sivyo, badala ya diski kupotea, bodi nzima inazima.

"Chaja ni ya volti 5, basi bodi inapata 5."
Kebo je? Waya mwembamba wa 28 AWG (kipimo cha unene wa waya) wenye urefu wa mita moja una takriban omu 0.43, kwenda na kurudi. Zikipita ampea 2, volti 0.86 zinaishia njiani na bodi inabaki na 4.14. Raspberry Pi 4, toleo lililotangulia, huanza kulalamika chini ya volti 4.63. Weka multimita (kipimo cha volti) kwenye pini ya 2 na ya 6 za bodi, diski ikiwa inanakili faili. Ukipima bodi ikiwa imetulia utadanganyika.

Kabla ya kununua chochote, tazama dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo. Ukiona "over-current", poti ndiyo imezidiwa. Ukiona "Undervoltage detected", tatizo liko kwenye chaja au kebo. Amri ya vcgencmd get_throttled nayo ina kumbukumbu: 0x50000 maana yake volti zilishuka tangu bodi iwashwe, hata kama sasa hali ni shwari.

"Habu yoyote yenye chaja yake ni salama."
Habu hiyo, kifaa cha kuongeza poti za USB, ndiyo dawa ninayoiamini zaidi kwa diski za kuzunguka, lakini baadhi ya zile za bei rahisi hurudisha umeme kwenye bodi kupitia kebo ya USB. Chomoa chaja ya Raspberry Pi, acha habu kwenye umeme. Taa ya bodi ikiendelea kuwaka, irudishe habu hiyo dukani.