Mkungu ni mti gani, na unapandwaje Mwanza?

Mkungu wa hapa si ule wa ndizi. Ni mti wa kivuli na mapambo, kwa jina la kitaalamu Terminalia catappa, wenye asili ya pwani za kusini mwa Asia na visiwa vya Pasifiki. Tunda lake ni kungu. Kungumanga ya kwenye pilau hutoka kwenye mti mwingine kabisa.

Utautambua kwa ghorofa zake. Shina hupanda wima, na matawi hutoka kwa pamoja kulizunguka, yakalala sambamba na ardhi. Juu yake nafasi tupu, kisha ghorofa nyingine. Majani yana urefu wa sentimita 15 hadi 25, mapana zaidi karibu na ncha, nayo husongamana mwishoni mwa vitawi. Kabla ya kupukutika huwa mekundu. Wapo wanaokimbilia dawa wakidhani mti unaumwa, kumbe unabadilisha majani tu. Ndugu yake kutoka Madagaska, anayependwa sana mijini, naye ana ghorofa, ila majani yake ni madogo.

Loweka kungu zilizoiva usiku mmoja, zifukie kwenye viriba, yaani mifuko ya kukuzia miche, uvumilie wiki kadhaa. Miche ikifika magotini, ihamishe mvua za vuli zikishakolea, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi cha Juni. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Kwenye miteremko ya Mwanza tatizo kubwa ni jiwe. Ukigonga mwamba kwenye sentimita 30, usijifariji kwamba mizizi itapita pembeni: hamisha shimo, maana mti mpana wenye mizizi ya juujuu huangushwa na upepo wa ziwani. Upande wa chini wa mteremko jenga tuta la nusu mwezi lizuie maji. Kiangazi cha kwanza, ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, imwagwe polepole.

Panda mbali na nyumba, mita 7 au zaidi. Majani yale huziba mifereji ya bati. Na usikate kilele kamwe. Machipukizi yatagombania nafasi ya shina, na ghorofa hazirudi. Matawi yakiwagonga watu vichwa, ondoa ghorofa nzima ya chini.

Kungu ikikauka, ipasue kwa jiwe. Punje ya ndani inalika, tamu na yenye mafuta, japo jasho la kuipasua ni kubwa kuliko punje yenyewe.